Mama yangu ana mtoto wa jicho, hospitali haina leza, nimhamishe? (na huyo Patricia Bath ni nani hasa)

Kuna dada ameniandikia swali nikaona nilijibu kwa urefu maana nimeshaulizwa na wengi. Kwa ufupi anasema hivi: "Dokta shikamoo. Kuna video inazunguka inasema operesheni ya mtoto wa jicho iligunduliwa na mwanamke mweusi wa Marekani, Patricia Bath, na ni ya leza. Ni kweli au ni zile za mtandaoni? Mama yangu ana miaka 68, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, wametupangia tarehe lakini wamesema pale leza hawana. Nimhamishe?"

Marahaba dadangu. Mama usimhamishe, hilo nalimaliza hapa hapa ili ulale. Ila hiyo video imechukua mtu wa maana kweli kweli ikamsifia kwa kitu ambacho sicho, na kile alichofanya cha maana wamekiruka kabisa, sasa mi hapo ndo naumia.

Tuanze na jicho lenyewe. Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, kuna lenzi, ndogo tu kama dengu na ni angavu. Imejaa protini. Unaujua ute wa yai? Ukiwa mbichi unaona mpaka chini ya bakuli, ukiugusisha moto unageuka mweupe na ndo basi tena, huwezi kuupoza ukarudi ulivokuwa. Mtoto wa jicho ni kitu kinachofanana na hicho isipokuwa kinachukua miaka, protini za lenzi zinabadilika polepole kwa umri, kwa kisukari, kwa jua, kwa dawa za steroidi ukizitumia sana, mwanga unashindwa kupita. Kwahiyo yeyote anayekuuzia matone au asali ya kumtibu mama, muulize kwanza kama anaweza kulirudisha yai la kuchemsha. Dawa yake ni kuitoa hiyo lenzi na kuweka nyingine.

Na kuitoa hakukugunduliwa na mtu mmoja. Zamani sana, India na kwingine, walikuwa wanaingiza sindano wanaisukuma lenzi inaangukia nyuma ndani ya jicho, mtu anapata mwanga kidogo au anaharibikiwa moja kwa moja. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel akaitoa nje kabisa. Mwaka 1949 pale London, Harold Ridley akaweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa, wazo alilipata kwa kuangalia marubani wa vita waliopasukiwa na vioo vya plastiki vya ndege, vipande vikawa vimekaa ndani ya jicho bila kuleta fujo. Halafu 1967 Charles Kelman wa New York akaanza kuivunja lenzi kwa mawimbi ya ultrasaundi na kuifyonza kupitia kitobo kidogo, yeye wazo lilimjia akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno akisafishwa meno. Hiyo ya Kelman ndo mpaka leo inafanyika kwenye mahospitali makubwa duniani. Kwahiyo Bath alikuta foleni ina watu tayari.

Sasa yeye ni nani.

Kazaliwa Harlem, New York, tarehe 4 Novemba 1942. Baba yake Rupert alihamia kutoka Trinidad, na ndo mweusi wa kwanza kuwa dereva wa treni za chini ya ardhi za jiji lile. Mama yake, Gladys, alikuwa anafanya usafi majumbani kwa watu na hela akiielekeza kwenye shule ya watoto, ndo aliyemnunulia binti yake seti ya kemia ya kuchezea. Unaona nyumba ya namna gani. Sekondari kaimaliza kwa miaka miwili na nusu, akiwa na 16 kashachaguliwa kwenda kufanya utafiti wa kansa wakati wa likizo pale Yeshiva University, kemia akamaliza Hunter College 1964, udaktari Howard University 1968. Mwenyewe alikuwa akisema moja ya vitu vilivyomvuta kwenye udaktari ni habari za Albert Schweitzer aliyekuwa anatibu watu Lambaréné, Gabon.

Huo mwaka 1968 uangalie vizuri. Aprili Martin Luther King anauawa. Muda mfupi baadae maskini kutoka pande zote za Marekani wanaenda kupiga kambi Washington katikati ya jiji, kwenye vibanda vya mbao, kudai haki zao, ile kampeni King alikuwa ameipanga kabla hajauawa. Bath ndo anamalizia chuo mji huo huo. Akawakusanya wanafunzi wenzake wa udaktari wakaenda kujitolea kutibu watu pale kambini. Kwahiyo ukisikia "mwanasayansi aliyejali jamii" usidhani ni mambo ya uzeeni baada ya kupata jina, alianza nayo kabla hata hajawa daktari kamili.

Sasa njoo kwenye kile ambacho video yako haikusema.

Akarudi nyumbani, akafanya intanshipu Harlem Hospital, halafu akaingia chuo kikuu cha Columbia kujifunza macho, hiyo ni kati ya 1968 na 1970. Hospitali ya Harlem iko mtaa wa 135, kliniki ya macho ya Columbia iko juu huko mtaa wa 165, yani kwenye ramani ni mji mmoja, kisiwa kimoja, treni hizo hizo alizokuwa anaendesha baba yake. Huku Columbia anakaa kliniki anaona wagonjwa na vipofu ni wachache tu. Akienda Harlem, karibu nusu ya waliokaa kwenye benchi ni vipofu au wanaona kwa shida sana.

Wengi wetu hapo tungesema aah, maskini ndo walivo, tukaita namba inayofuata. Nasema wengi wetu na mimi nikiwemo, maana ukiwa na wagonjwa sitini kwenye foleni huna muda wa kushangaa. Yeye akakaa chini akahesabu. Akafukua takwimu za nyuma akalinganisha, akakuta weusi wanapata upofu mara mbili ya weupe, na ukija kwenye upofu unaotokana na glakoma, ile tunaita presha ya macho, ilikuwa mara 8. Na akatoa sababu ambayo haikuwafurahisha wote: sehemu kubwa ya tofauti hii ni kwamba watu wa Harlem hawafikiwi na huduma ya macho. Si kwamba macho ya mtu mweusi ni mabovu, hapana, ni kwamba mtu anakaa na mtoto wa jicho miaka kumi wakati daktari wa kumtoa yupo vituo vichache vya treni kutoka kwake.

Halafu hakuishia kwenye kuandika. Aliwafuata maprofesa wake wa Columbia akawabana waende Harlem kupasua wagonjwa bure, na yeye mwenyewe awe msaidizi wao kwenye meza. Wakaenda. Operesheni kubwa ya kwanza ya macho Harlem Hospital ilifanyika 1970. Mi hiyo picha naipenda kuliko habari zote za leza, kijana wa kike wa miaka 27, bado yuko mafunzoni, anawapeleka mabosi wake mtaani kwao.

Mwaka 1976 hilo wazo akalipa umbo, akaliita kwa Kiingereza "community ophthalmology", kwa kwetu tungesema tiba ya macho ya jamii: usingoje kipofu aje kliniki, maana kipofu hajijui kama anatibika na nauli hana. Fundisha watu wa kawaida wa mtaa, wajitolea, wakapime macho kwenye vituo vya wazee na vya kulelea watoto, wakigundua mtoto wa jicho au dalili ya glakoma wampeleke kwa daktari, na yule mtoto anayeonekana mjinga darasani kumbe ubao hauoni apate miwani. Mwaka huo huo yeye na wenzake wawili, mmoja daktari wa magonjwa ya akili na mwingine wa watoto, wakaanzisha taasisi ya kuzuia upofu, American Institute for the Prevention of Blindness, msingi wake sentensi moja tu, kwamba kuona ni haki ya msingi ya binadamu.

Ukisoma leo unasema mbona kawaida. Ni kawaida kwa sababu ndo tunavofanya, huduma ya mkoba, kambi za macho, wahudumu wa afya wa kijiji na tochi zao. Sisemi tulijifunza kwa Bath, kila sehemu ilifika hapo kwa njia yake. Ila hesabu ni ile ile.

Ngoja nikupe moja ya kwangu. Kwenye kambi moja tulipata bibi aliyeletwa na mjukuu wa kike, mtoto wa kama miaka tisa, anamvuta na fimbo, bibi kashika nyuma mtoto kashika mbele. Tukauliza hali hii tangu lini, wakasema tangu mvua za mwaka juzi. Na shule je? Mtoto akacheka tu, akaangalia chini. Yani vipofu walikuwa wawili pale, mmoja wa macho mmoja wa shule. Tukamfanyia jicho moja, dakika kama kumi na tano hivi. Kesho yake asubuhi nafungua bandeji najua atalia au atamshukuru Mungu kama wengine, bibi katulia, anainama, anaangalia khanga yake, anaivuta anaangalia pindo, halafu anamgeukia mjukuu: "Si ulisema hii ni ile ya bluu?" Mtoto alikuwa anamvisha ile iliyotoboka ili ile nzuri avae yeye. Wodi nzima tulicheka mpaka basi.

Haya, turudi.

Baada ya Columbia akaingia New York University 1970 hadi 1973, mweusi wa kwanza pale kusomea ubingwa wa macho, katikati hapo akazaa binti. Akasomea na kupandikiza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, mpaka zile za bandia. Kwa ujuzi huo baadae alimrudishia uono mwanamke mmoja Afrika Kaskazini aliyekuwa kipofu zaidi ya miaka 30, na katika yote aliyofanya hiyo aliihesabu kama moja ya siku zake kubwa. 1974 akahamia Los Angeles, akafundisha chuo kikuu cha UCLA na chuo cha Charles R. Drew, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu kwenye idara ya macho ya UCLA. Ofisi waliyompa? Chini huko beizimenti, jirani na wanyama wa maabara. Akaikataa. Na namna alivyoikataa ni ya kiutu uzima sana, hakusema mnanibagua, alisema tu hii haifai, mpaka wakampa nyingine. Alipokuja 1983 kuwa mkuu wa mafunzo ya ubingwa wa macho wa Drew na UCLA, alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani nzima kushika kazi hiyo.

Sasa leza. Wazo alilipata 1981: kwanini tuivunje lenzi kwa kuitetemesha wakati leza inaweza kuiyeyusha kwa usahihi zaidi? Mashine aliyokuwa anaitaka nyumbani hakuipata, akachukua likizo ya utafiti akaenda Ulaya, na majaribio yake makubwa ya leza akayafanya Berlin. Kifaa chenyewe ukikiona kwenye michoro ni cha akili: uzi mwembamba wa kupitisha mwanga unaingia kwenye jicho kwa kitobo cha kama milimita moja, unapiga lenzi kwa leza, na pembeni ya huo uzi kuna njia mbili, moja inaingiza maji, nyingine inafyonza vipande, halafu ile ngozi nyembamba ya lenzi inabaki kama mfuko mtupu wa kuwekea lenzi mpya. Maombi ya hataza, yani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu wako, aliyapeleka Desemba 1986, akaipata tarehe 17 Mei 1988, namba 4,744,360. Ndo daktari wa kwanza mwanamke Mmarekani mweusi kupata hataza ya kifaa cha tiba, na mpaka anamaliza alikuwa na tano za Marekani, achilia mbali za Japani, Kanada na Ulaya.

Kwahiyo leza ni yake, ndio. Lakini ukienda leo hospitali kubwa ya Marekani yenyewe, wengi wanatolewa mtoto wa jicho kwa ultrasaundi ya Kelman. Na pale wanapokuambia "operesheni ya leza" mara nyingi ni leza ya aina nyingine kabisa iliyokuja baadae, inakata mlango wa kuingilia na kuikatakata lenzi, kisha ultrasaundi inamalizia. Alafu kuna leza ya tatu, hii ndo inachanganya watu wa Bongo: mgonjwa alishafanyiwa, miezi au miaka inapita, ule mfuko wa lenzi unapata ukungu kwa nyuma, tunautoboa kwa leza dakika chache tu anaenda nyumbani. Jirani akisema "mi nilifanyiwa leza nikaona vizuri" mara nyingi ni hiyo, operesheni yenyewe alifanyiwa kabla akasahau.

Mama yako kwa maelezo uliyotuma atafanyiwa ile ya kitobo kidogo kwa mkono, bila mashine kubwa. Kitobo ni kama milimita 6 au 7, kimekatwa kwa mteremko kinajifunga chenyewe, mara nyingi hata uzi haushonwi. Usiione ya kimaskini. Nepal walishawahi kulinganisha hii na ile ya ultrasaundi, matokeo yakachapishwa 2007, wagonjwa wa pande zote mbili waliona vizuri karibu sawa, tofauti ni kwamba hii ya mkono ni ya haraka na bei iko chini. Na lenzi ikishakomaa ikawa ngumu ya kahawia kama ya wazee wetu wanaochelewa, mimi mwenyewe ningeombea mama yangu hii hii kwenye mkono uliozoea. Cha kuulizia ni huyo daktari anafanya ngapi kwa wiki, wameshapima jicho kujua namba ya lenzi watakayoweka, sukari ya mama ikoje. Hayo yanaharibu au yanajenga kuliko leza.

Nirudi kwa Bath nimalizie, maana kuna kipande kinachotugusa sisi. Taasisi yake ilipeleka kompyuta na vifaa kwa wanafunzi wasioona, na kati ya shule zilizopata ni Mwereni pale Moshi na St. Oda kule Kenya. Hilo halimo kwenye video yoyote niliyoona na nashangaa, maana kama kuna kitu cha kumwambia mtoto wa Moshi ni hicho.

UCLA alistaafu 1993. Aprili 2019, akiwa na miaka 76, alienda mbele ya Seneti ya Marekani kuzungumzia kwanini wanawake wanapata hataza chache. Tarehe 30 Mei mwaka huo huo akafariki San Francisco, ni kansa. Mwaka 2022 wakamwingiza kwenye ukumbi wa heshima wa wabunifu wa Marekani, yeye na mhandisi Marian Croak wakiwa wanawake weusi wa kwanza kuingia humo, tangu ukumbi uanzishwe miaka ya sabini, kwahiyo piga hesabu mwenyewe.

Ya mama sasa. Atachomwa ganzi pembeni ya jicho, atakuwa macho, atasikia sauti na kuona mwanga mwanga, mwambie mapema asishtuke. Kikohozi kama anacho semeni kabla. Jicho la kwanza likitulia ndo mnapanga la pili. Matone ya baada ni wiki kadhaa, mpangie mtu wa kumtia na anawe mikono kwa sabuni, asiiname kuchota maji, asilisugue. Likiuma sana, likiwa jekundu zaidi au uono ukapungua, rudini siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Na unakumbuka ile mara 8 ya Harlem? Glakoma haiumi, haina ukungu, inakula uono kutoka pembeni mpaka unakuja kushtuka umebaki na katikati tu, na ikishakula hairudi, si kama mtoto wa jicho. Inatembea kwenye familia. Hujanitajia umri wako ila kama mama ana 68 nakisia uko kwenye arobaini huko. Siku mnaenda, andikisha na jina lako upimwe presha ya macho na waangalie mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho, usikae tu kwenye benchi umeshika pochi ya mama.